Uzi: Kinu cha upepo cha Sneinton, mwoka mikate aliyekijenga na mwanawe aliyekichukia

Mtoto wa Mashineni (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Mimi nimekulia mashineni. Mjomba alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa Kilosa, injini ya dizeli, mkanda mrefu unaopiga kelele, na likizo nzima kazi yangu ilikuwa kupima madebe na kuandika kwa chaki ukutani nani amelipa na nani "atapitia jioni". Vumbi la pumba nalijua. Ndiyo maana nilipokuja huku Nottingham kusoma, siku moja nikiwa kwenye basi nikaona mabawa manne yanazunguka juu ya mapaa ya nyumba za watu, nilishuka kituo kilichofuata bila kujiuliza mara mbili.

Ni kinu cha upepo, kizima, kinasaga ngano mpaka leo. Kuingia bure. Nimeshakwenda mara sita na wale wanaojitolea pale wameanza kunizoea, nikaona nisikae na haya mambo peke yangu. Uzi ni mrefu, mwenye bando la mawazo ajipange.

Tuanze na mwenye mali. Aliitwa George Green, mwoka mikate mjini Nottingham. Wakati ule Uingereza iko vitani na Ufaransa, mavuno mabaya, ngano haishikiki bei. Mwaka 1800 wenye njaa wa Nottingham wakaingia mitaani na hasira zao zikawaangukia waoka mikate na wauza unga. Si ajabu: mfalme yuko mbali, mwenye duka yuko hapo kona. Green akavumilia miaka michache, halafu 1807 akaamua kutonunua tena unga wa watu. Akapanda kilimani Sneinton, enzi hizo kijiji cha nje ya mji, akajenga kinu chake cha matofali.

Sasa kabla sijapanda ngazi, mjue kwamba kinu cha upepo kina tatizo moja ambalo mashine ya mjomba haikuwahi kuwa nalo. Upepo unahama. Asubuhi unatoka kusini, saa sita umegeukia magharibi. Mabawa yasipoutazama uso kwa uso hakuna unga, na ukiyapiga kwa nyuma ni balaa, unaweza kung'oa kichwa kizima cha kinu. Ukielewa hilo umeelewa ramani nzima ya vinu vya Uingereza, maana kila muundo ni jibu la swali lile lile: tunageuzaje?

Jibu la kwanza ni kinu cha nguzo. Nyumba nzima ya mbao, mawe ndani, magunia ndani, mabawa mbele, yote imekalia nguzo moja ya mwaloni kama kichwa juu ya shingo. Upepo ukihama, msagaji anatoka nje, anashika mti mrefu ulioning'inia nyuma na kusukuma nyumba yote mpaka itazame panapotakiwa. Vinu hivi vimo katika maandishi ya Uingereza tangu 1185, huko Weedley, Yorkshire. Kile cha Pitstone kina mwaka 1627 umechongwa kwenye mbao zake na bado kimesimama. Cha Outwood, Surrey, ni cha 1665.

Jibu la pili: acha jengo litulie, geuza kichwa tu. Ukijenga kwa mbao, pembe nane, chini pana juu pembamba, Waingereza wanakiita kwa jina la vazi la wakulima wao wa zamani. Mimi nakiita kinu cha kanzu, mtanisamehe. Kirefu kuliko vyote vya aina hii kwao kipo Cranbrook, Kent, cha mwaka 1814. Ukijenga kwa matofali au mawe, hicho ni kinu cha mnara, na ndicho alichochagua Green. Mnara haung'oki, hauozi upesi, na unaweza kupanda ghorofa juu ya ghorofa. Juu kabisa kuna kofia, na kofia peke yake ndiyo inayogeuka, imekaa juu ya mzunguko wa ukuta kama kifuniko cha sufuria.

Kofia ya Sneinton ina umbo la kitunguu. Ukiiona kwa mbali unaweza kudhani msikiti uliofungiwa pangaboi.

Naendelea, subirini nile.

Nyundo Kavu

Siti ya mbele. Ila mkuu hapo umeacha kitu: nani anaigeuza hiyo kofia? Usiniambie mtu anapanda juu.

Kapuku Mjengoni

Nimeweka kambi.

Mama Dona

Kwanza nani kasema mjomba wako alikuwa anapima debe sawasawa? 😂 Endelea baba.

Mtoto wa Mashineni

Mama Dona, mjomba ametangulia mbele za haki, tumwache 😂

@Nyundo Kavu, swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nirudi mara ya pili. Zamani walivuta kwa kamba au mnyororo kutoka chini. Lakini 1745 mfua chuma mmoja, Edmund Lee, akasajili kifaa cha kujigeuza. Nyuma ya kofia, upande wa pili wa mabawa, unafunga kifeni kidogo kilichokaa kiubavu. Upepo ukiwa unapiga mabawa sawasawa, kifeni hakipati kitu, kimelala. Upepo ukihama kidogo, unakipata ubavuni, kinaanza kuzunguka, kinasukuma gia, gia zinasogeza kofia pole pole. Kofia ikifika mahali pake, kifeni kinakosa upepo, kinasimama chenyewe. Hakuna mtu aliyegusa kitu! Msagaji kalala. Mwaka 1745, wakuu, umeme wenyewe bado mchezo wa maabara.

Sneinton kipo kifeni hicho. Nilikaa chini nikikitazama dakika ishirini kama mtu anayesubiri daladala.

Sasa tupande. Ngano inaanzia juu, kwa sababu ikishafika juu kazi iliyobaki ni kushuka tu. Na kupandisha magunia wala si kwa mabega. Upepo huo huo unazungusha roda, mnyororo unashuka mpaka chini, unafunga gunia, unavuta kamba, gunia linapaa lenyewe. Kila sakafu ina tundu lenye vibao viwili vya kufunguka kwenda juu. Gunia linavisukuma, linapita, vibao vinaanguka pa! vinajifunga nyuma yake. Nikikumbuka magunia niliyobebeshwa Kilosa roho inauma.

Ndani ya kofia kuna shafti kubwa ya mabawa. Haikulazwa sawa, imeinamishwa kidogo, mbele juu nyuma chini. Mwanzo nilidhani imelegea. Kumbe ni makusudi: mnara ni mpana chini, kwa hiyo mabawa yakilala kidogo kwa nyuma juu, yanaachana na ukuta chini. Na uzito wote unaegemea ndani badala ya kutaka kuchomoka nje. Kwenye shafti hiyo limefungwa gurudumu kubwa la meno, na ukingoni mwake limezungushiwa breki ya mbao. Gurudumu hilo linakamata gia ya nguzo ya wima inayoshuka katikati ya mnara, na chini yake kuna gia mama inayogawa nguvu kwa kila jozi ya mawe.

Halafu kuna hii sijui kama mafundi wa humu mnaijua. Ukikutana na gia mbili za zamani, hesabu meno. Mara nyingi utakuta idadi zimeachana kusudi kwa jino moja la ziada, ili jino lile lile lisikutane na mwenzake yule yule kila mzunguko. Zikigawanyika sawa, jino bovu litamla mwenzake mmoja mpaka limmalize. Zikiachana, uchakavu unagawiwa wote. Tena gurudumu la chuma walilipa meno ya mti wa mtufaha au mti mwingine mgumu, kupunguza kelele na cheche. Jino likivunjika unachonga lingine, hununui gia nzima.

Nyundo Kavu

Hilo la jino la ziada mbona lipo mpaka kwenye gia za magari. Nilifundishwa bila kuambiwa limetoka wapi. Nimekuvulia kofia, na hiyo haigeuki.

Baharia Mstaafu wa Mkokotoni

Assalaam aleikum. Mie nasoma kimya, ila wewe kijana unaita mabawa. Hawa Waingereza wenyewe wanaitaje?

Mtoto wa Mashineni

Waaleikum salaam mzee wangu. Wao wanayaita matanga. Na walikuwa na sababu: bawa la zamani ni fremu ya mbao kama ngazi, na juu yake unatandaza kitambaa, turubai kabisa. Upepo mdogo unatandaza lote, upepo mkali unalikunja.

Baharia Mstaafu wa Mkokotoni

Basi ni jahazi. Ukizidiwa unapunguza tanga. Asiyejua kupunguza tanga hafiki Pemba.

Lakini chomboni mnakuwa watu wengi. Huko peke yake anapunguza vipi na kitu kinazunguka?

Mtoto wa Mashineni

Mzee, hapo umegusa jipu. Alikuwa anasimamisha kinu kizima kwa breki, bawa moja likiwa chini. Analipanda kama ngazi, anakunja. Anaachia breki kidogo, bawa la pili linashuka, anasimamisha, anapanda. Mara nne. Kukiwa na baridi kali turubai linaganda linakuwa bati. Na kama dhoruba imemkuta ameshachelewa, breki haishiki. Breki ya mbao ikisuguana na gurudumu la mbao, katika jengo lililojaa vumbi la unga, mnaweza kujua kilichofuata. Vinu vingi viliungua kwa namna hiyo.

Basi wakaanza kuhangaika. 1772 Mskoti Andrew Meikle akaondoa turubai, akaweka vibao vingi vidogo vya kufunguka na kufunga, kama madirisha ya luva, vinashikiliwa na springi. Upepo ukizidi, vibao vinajifungua, unapita. Vizuri, lakini ili kubadili ukali wa springi lazima usimamishe kinu, ile ile mara nne. Halafu 1807, mwaka ule ule Green anajenga pale kilimani, William Cubitt akasajili dawa yenyewe. Vibao vya mabawa yote manne vimeunganishwa kwa vyuma vinavyokutana katikati mbele, kama miguu ya buibui. Kutoka hapo fito ya chuma inapita ndani ya shafti, maana shafti imetobolewa katikati, inatokea nyuma ya kofia, na huko kuna mnyororo unaoning'inia mpaka chini. Unataka nguvu zaidi? Ongeza uzito kwenye mnyororo. Upepo ukizidi uzito uliouweka, vibao vinafunguka. Kinu hakisimami hata kidogo.

Na bawa si bapa. Karibu na shafti limelazwa sana, kuelekea ncha linanyooka, limejipinda kama rafadha ya ndege. Mhandisi John Smeaton alishalipima hilo kwa majaribio na kuyapeleka mbele ya chama cha wanasayansi cha London mwaka 1759, wakampa nishani. Ndege ya injini bado miaka mia moja arobaini na zaidi.

Baharia Mstaafu wa Mkokotoni

Hili la uzito kwenye mnyororo nimelipenda. Ahsante.

Mjuba

Ndugu zangu, Mzungu akisaga unga mnaandika uzi mrefu hivi. Bibi zetu walisaga na hawana sanamu.

Mama Dona

Wewe Mjuba ulishasaga? Mimi nimesaga mtama kwa jiwe nikiwa msichana. Kwetu pwani tulikuwa na kijaa, mawe mawili ya duara, la chini wanaliita mama, la juu mwana. Mwana ndiye anayezunguka, mama katulia. Unashika mpini unaimba. Mkono unakufa ganzi kabla mtoto hajashiba. Angekuja mtu akaniambia upepo utanisagia ningemwandikia hata kitabu.

Kijana, mawe ya huko yakoje?

Mtoto wa Mashineni

Mama, yale yale! Mama chini, mwana juu. Tofauti ni ukubwa: upana wa kama mita moja na robo, uzito wa karibu tani moja, na mwana anazunguka kama mara mia na ishirini kwa dakika. Lakini hawagusani. Nafasi kati yao ni nyembamba kama karatasi. Wakigusana wanatoa cheche na unga unanuka moshi.

Ngano inaingilia tundu la katikati ya jiwe la juu. Imekatwa mifereji kuanzia katikati kwenda ukingoni, ya jiwe la juu na la chini inapishana kama mikasi, kwa hiyo punje inakatwa kwanza, ndipo inasagwa ikielekea nje. Mifereji ikichakaa unalinyanyua jiwe, unaligeuza kifudifudi na kulichonga upya kwa patasi ya chuma kigumu, siku nzima umelalia kiwiko kwenye mto wa pumba. Mafundi wa kuchonga walikuwa wakitembea kinu hadi kinu kutafuta kazi. Vipande vya chuma vinaruka na kuingia kwenye ngozi ya mkono, vinaacha madoa meusi, na mwenye kinu alikuwa anaangalia mkono wa fundi kabla ya kumpa kazi. Huo ndio uliokuwa wasifu.

Jiwe la kijivu la milima ya Derbyshire, hapo karibu, lilifaa zaidi chakula cha mifugo. Kwa unga mweupe wa mkate walitaka jiwe la Ufaransa, kutoka La Ferté-sous-Jouarre, gumu lenye vitundu vitundu. Halipatikani pande kubwa, kwa hiyo wanaunganisha vipande kwa plasta na kuvifunga kwa pete za chuma kama pipa. Wanapigana na Napoleon huku wanayataka mawe ya nchi yake.

Halafu kuna kijiti cha chuma kinachozunguka na jiwe, kazi yake kugongagonga kibao kinachomimina ngano. Jiwe likienda kasi, kinagonga kasi, ngano inamiminika kwa wingi. Likipungua, inapungua. Kwa Kiingereza wanakiita kigori, eti kwa sababu hakinyamazi kutwa. Sijasema mimi.

Mama Dona

Na msagaji je, alinyamaza? Endelea.

Nyundo Kavu

Sasa mkuu, upepo ukiongezeka, jiwe likienda kasi linanyanyuka, si ndiyo? Unga unakuwa chenga. Nani anarekebisha?

Mtoto wa Mashineni

Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Gavana! Hii hii ya kwenye injini ya mjomba. Mipira miwili ya chuma inazunguka, kasi ikipanda inatanuka, inavuta wenzo, wenzo unashusha jiwe la juu kidogo na kulirudisha mahali pake. Thomas Mead alisajili ya vinu vya upepo mwaka 1787. Mwaka uliofuata Matthew Boulton akaona kitu cha namna hiyo kwenye kinu cha mvuke cha Albion pale London, akamwandikia mshirika wake James Watt, na Watt akakifunga kwenye injini yake. Vitabu vya shule vinampa Watt sifa zote, lakini wasagaji walitangulia.

Nyundo Kavu

Nimeshinda miaka kumi na tisa nakaza na kulegeza springi ya gavana na sikujua kama ilikuwa ya msagaji. Haya mambo yafundishwe VETA.

Kapuku Mjengoni

Mimi swali langu ni la pesa. Upepo wa Mungu, bure. Serikali iliwezaje kukata kodi hapo?

Msomi wa Kibarazani

Kapuku, usidhani hawakujaribu. Mwaka 1191 Bury St Edmunds, padri mmoja aliyeitwa Herbert alijijengea kinu cha upepo. Abati Samson, mkuu wa nyumba ya watawa (abasia) na bwana wa eneo lile, akapandwa na hasira hata chakula hakikupita. Sababu: watu wa mji walitakiwa wasagie kwenye vinu vya abasia na kulipa. Herbert akajitetea kwamba manufaa ya upepo ni ya bure, hayafai kunyimwa mtu. Abati hakutaka kusikia, akaamuru kinu kibomolewe. Herbert alivyoogopa, alikibomoa mwenyewe kabla wabomoaji hawajafika. Yameandikwa na mtawa wa abasia hiyo hiyo aliyekuwapo.

Kapuku Mjengoni

Yaani alibomoa mwenyewe kabla greda halijafika. Naijua hiyo hisia.

Mtoto wa Mashineni

😂 Sasa nirudi Sneinton, kwa mtoto wa Green, naye George, aliyezaliwa 1793. Huyu ndiye sababu kinu kikafufuliwa.

Alisoma shule mihula minne tu, akiwa na umri wa miaka minane na tisa. Halafu duka la mikate. Halafu kinu. Kazi hiyo hakuipenda, ndugu zake walisema hivyo baadaye, lakini upepo hauna saa za kazi. Ukivuma usiku, unasaga usiku. Pale wanaeleza kwamba alikuwa akijifungia ghorofa ya juu na vitabu vyake. Kwa muda huo chini kulikuwa na meneja wa kinu, William Smith, na meneja alikuwa na binti, Jane. George na Jane walipata watoto saba na hawakuwahi kufunga ndoa.

Mwaka 1828 mtoto huyo wa mashineni akachapisha kwa fedha zake kitabu kuhusu hisabati ya umeme na sumaku. Waliojiandikisha kukinunua walikuwa hamsini na mmoja, na wengi wao nadhani walinunua kwa heshima tu. Baba alifariki mwaka uliofuata. Akakodisha kinu, na akiwa na miaka arobaini akaenda kuanza mwaka wa kwanza Cambridge, darasani na vijana wa miaka kumi na nane. Akamaliza akiwa wa nne. Alifariki 1841, akazikwa kanisani hapo hapo karibu na kinu. Hakuna aliyejua wamemzika nani.

Mwalimu wa Hesabu Dodoma

Samahani, huyo ni Green wa "teoremu ya Green"?? Nimeifundisha miaka yote nikidhani alikuwa profesa mwenye koti.

Niongeze kidogo kwa wasiopenda hesabu. Mpima ardhi akizunguka mpaka wa shamba lako na kifaa cha GPS, hajakanyaga katikati hata hatua moja, lakini mwisho kifaa kinamwambia ekari. Kinawezaje? Kwa sababu yanayotokea ukingoni yanabeba habari za ndani. Huo ndio moyo wa teoremu hiyo. Niwe mkweli, ile tunayoandika ubaoni yenye eneo la bapa haimo hivyo hivyo katika kitabu chake cha 1828. Ilichapwa na Cauchy mwaka 1846. Cha Green kina ndugu zake wakubwa, za ujazo, ambazo wanafizikia bado wanazitumia kila siku.

Na kilichomwokoa asisahaulike ni kijana William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Aliona jina la kitabu hicho limetajwa mahali, akakitafuta, akakipata 1845, akahakikisha kinachapwa upya Ujerumani.

Mtoto wa Mashineni

Mwalimu umenimalizia kazi. Tangu 1993 ana bamba la kumbukumbu kanisani Westminster, London, jirani na Newton na Faraday.

Kinu chenyewe kilipata tabu zaidi. Kufikia miaka ya 1860 kilikuwa hakisagi tena. Mvuke hausubiri upepo, na baadaye mashine za rola za chuma zikaanza kusaga ngano ya meli bandarini kwa bei ambayo kinu cha kijiji hakiwezi. Mabawa yakaoza. Karne ya ishirini mnara ukawa kiwanda kidogo cha dawa ya kung'arishia. Mwaka 1947 ukashika moto, na dawa ile ni nta na mafuta, unaweza kuwaza. Zikabaki kuta. Ni matofali yaliyokiokoa. Kingekuwa cha nguzo au cha kanzu tungekuwa tunazungumzia majivu.

Miaka ya 1970 wahadhiri wa hapa walioona aibu wakaanzisha mfuko wa kumkumbuka Green, ukanunua gofu, ukalikabidhi kwa halmashauri ya jiji. Mabawa yalizunguka tena 1986.

Binti Shangani

Mie niko kusini ya London, Brixton, na tunacho kimoja kichochoroni, nyuma ya nyumba za halmashauri, wala hukitegemei. Cha mwaka 1816, familia ya Ashby. Kilikuwa uwandani, mji ukakifuata. Nyumba zikajengwa zikakizunguka mpaka upepo ukakosa pa kupita, 1862 wakaacha kusaga kwa upepo wakahamia kwenye kinu cha maji Mitcham. Mwaka 1902 wakarudi, safari hii na injini ndani ya mnara ule ule, wakasaga mpaka 1934. Kimekarabatiwa, kikafunguliwa tena 2011 baada ya majirani kusumbua sana. Mie huenda na wanangu siku za kufunguliwa.

Kapuku Mjengoni

Kumbe ghorofa la jirani linaweza kukunyima hata riziki. Na hakuna aliyelipwa fidia ya upepo?

Binti Shangani

Fidia ya upepo! Abati Samson angekucheka.

Jirani wa Ngong

Wakenya tupo pia. Huku kwetu ile mashine ya mjomba wako tunaita posho mill. Na hizo turubini za Ngong ninaziona nikichota maji. Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ziko 365, megawati 310. Sasa baada ya kusoma hii nimejua kile kiboksi cha juu ni kofia. Inageuka kwa mota, siyo kifeni, lakini ni kofia tu. Swali: ni mimi ama hivyo vinu vya Uingereza kwenye picha vinazunguka kinyume na vyetu?

Mtoto wa Mashineni

Jicho lako zuri. Vingi vya Uingereza, ukisimama mbele, vinazunguka kinyume cha mshale wa saa. Turubini za sasa zinaenda na saa.

Mama Dona

Maneno mengi. Unga wake uliuonja?

Mtoto wa Mashineni

Wanauza pale chini, mama. Nilinunua mfuko nikapika chapati. Unga una pumba yake yote, rangi ya udongo, unanyonya maji kuliko nilivyozoea. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili nikaongeza maji ya moto na kuuacha donge saa nzima limefunikwa, ikakubali. Ina harufu ya nafaka, kama mlangoni kwa mjomba asubuhi kabla hajawasha injini.

Mama Dona

Saa moja haitoshi kwa unga wa jiwe. Lala nao usiku kucha, kisha uje useme.